Gharama ya amali haiko kwenye karakana

Kila Januari, fomu za kujiunga na kidato cha kwanza zikishatoka, Kigoma yote inageuka darasa la hesabu. Kwenye vijiwe vya Mwanga na ndani ya Hiace za kwenda Mwandiga, wazazi wanajumlisha sare, madaftari, godoro kwa anayekwenda bweni. Tangu mkondo wa amali, yaani sekondari inayofundisha na fani ya kazi, uanze mwaka 2024, zipo shule ambazo orodha yake imerefuka: ovaroli, buti ngumu, glovu, futi ya kupimia, kitambaa cha mazoezi. Hapo ndipo mjadala unapowaka, na unawaka vibaya. Kuna wanaosema elimu bila malipo imezikwa kimyakimya. Kuna wanaosema nchi ambayo bado ina watoto wanaokaa chini haina ubavu wa kujenga karakana. Mimi naona pande zote mbili zinabishania kisichotuumiza. Karakana inajengwa mara moja, tena ina wafadhili, ina jiwe la msingi, ina mgeni rasmi. Ovaroli nayo inanunuliwa mara moja au mbili. Kinachoifanya amali iwe ghali ni vitu vinavyoisha kila wiki, yaani vijiti vya kuchomelea, mbao, misumari, nyaya, kitambaa, petroli, mbegu, na mfumo wetu wa kugharimia shule ulibuniwa kabla vitu hivyo havijawa sehemu ya masomo.

Nianze na amali yenyewe, maana wapo wanaodhani ni jina jipya la VETA, vile vyuo vya ufundi stadi vya Serikali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma Februari 1, 2025, imeweka miaka 10 ya elimu ya lazima, sita ya msingi na minne ya sekondari. Katika hiyo minne kuna mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mtoto wa amali haondolewi kwenye Hisabati, Kiingereza wala Historia ya Tanzania na Maadili. Anasoma hayo pamoja na fani yake, iwe ujenzi, umeme, kilimo, ushonaji, muziki au michezo, na mwisho wa kidato cha nne anapimwa masomo na Baraza la Mitihani (NECTA), na umahiri wa fani chini ya baraza la elimu ya ufundi (NACTVET). Kundi la kwanza liliingia Januari 2024 katika shule zisizofika mia moja nchi nzima, nyingi zikiwa za binafsi, na litakalia mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Mwaka huohuo watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya watamaliza darasa la sita, sambamba na kaka na dada zao wa mtaala wa zamani wanaomaliza la saba. Makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Kwa hiyo anayeuliza kama tunaimudu amali anauliza wakati gari limeshaondoka stendi, ila swali lake bado ni la haki.

Sasa tuhesabu. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, Serikali ilijitwika ada iliyokuwa ikilipwa na mzazi, shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, na ikaendelea kutoa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Nusu ya ruzuku hiyo ilitengwa kwa ajili ya vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja, kwa hiyo iliyokusudiwa kufika shuleni ni 12,500. Chukua shule ya kutwa ya kata: 12,500 ukijumlisha na fidia ya ada 20,000 unapata 32,500 kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Gawa kwa siku 194 za masomo, inabaki shilingi 167 na ushee kwa siku. Humo atoke mlinzi, bili ya umeme, maji, karatasi za mitihani, chaki, kitasa kilichovunjika na nauli ya mkuu wa shule kwenda halmashauri. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, mlango wa mwisho aliokuwa akiutegemea mkuu wa shule ulifungwa, na sikatai kwamba mlango huo ulikuwa umegeuzwa duka na baadhi ya watu. Ninachosema ni kwamba kanuni hii inahesabu vichwa, na vichwa vyote kwake ni sawa. Mtoto anayejifunza Jiografia na anayejifunza kuchomelea wanapata shilingi zilezile.

Nani amewahi kukaa karibu na mtoto anayejifunza kuchomelea? Kijiti kimoja hakimalizi dakika mbili kikiwa kinawaka. Cha kwanza kinaganda kwenye chuma kwa sababu mkono umetulia kupita kiasi, cha pili kinaruka kwa sababu mkono umeogopa, cha tatu kinatoboa bati. Fundi yeyote wa pale Mwanga atakwambia kwamba kabla mstari haujanyooka mtu ameteketeza vijiti vingi mno, na juu ya vijiti kuna vipande vya chuma, na juu ya vipande vya chuma kuna umeme ambao mashine inaunywa bila huruma. Niliwahi kusimama kwenye karakana ya shule moja wakati wa kipindi cha vitendo. Mashine ilikuwa moja, mpya, bado ina nailoni kwenye mpini. Mwalimu alishika kijiti, akachomelea pembe moja ya fremu ya kiti, wanafunzi wamemzunguka wakitazama pembeni kuikwepa cheche, kisha wakarudi kwenye mabenchi kunakili hatua za kazi kutoka ubaoni. Kijana aliyekuwa karibu nami alikuwa ameandika vizuri sana, kwa kalamu ya rangi mbili, tahadhari zote za usalama. Alikuwa hajagusa mashine muhula mzima. Mwalimu hakuwa mvivu hata chembe. Alikuwa anatunza vijiti vya siku ya upimaji.

Karakana bila malighafi ni jiko bila unga, na hapa kwetu mwisho wa reli unga wenyewe una nauli ndefu. Chuma cha duka la Kigoma kimesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na bei inakijua kila kilomita. Ruzuku haijui. Mkuu wa shule wa Kibaha na mkuu wa shule wa Kakonko wanapewa kiasi kilekile kwa kila mtoto, halafu mmoja anaagiza mabati kwa bodaboda na mwingine anasubiri lori. Matokeo ya jambo hili hayaonekani kwenye taarifa yoyote, ila yanaonekana kwenye uchaguzi wa fani. Mtaala una fani nyingi, lakini shule maskini itaelekea kuchagua ile inayoendeshwa kwa jembe, mdomo na karatasi. Kilimo kinachaguliwa kwa sababu shamba lipo. Ushonaji unachaguliwa kwa sababu mtoto anaweza kukata ruwaza za gauni kwenye karatasi za mifuko ya saruji mwaka mzima bila kugusa kitambaa. Sina ugomvi na kilimo wala ushonaji. Lakini huu ni mkoa wenye ziwa, maboti na injini zake, wenye michikichi iliyofufuliwa tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aanze kampeni yake mwaka 2018, wenye chumvi ya Uvinza, na mkoa ulioendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi na sasa unaingia kwenye umeme wa uhakika. Ufundi wa injini za boti, wa mashine za kukamua mawese, wa umeme wa majumbani ndio unaohitajika hapa. Na ndio unaokula vifaa.

Turudi kwa wanaobishana. Mzazi anayelalamika kwamba amali imerudisha michango kwa mlango wa nyuma ana hoja, na kumjibu kwamba ovaroli ni sare kama sare nyingine ni kumkwepa. Anajua kwamba baada ya ovaroli kitafuata kitambaa, na baada ya kitambaa itakuja mita moja ya bomba la chuma. Shule isiyo na fungu la vitu vinavyoisha haina njia nyingine isipokuwa kumuomba yeye au kuacha kufundisha kwa vitendo. Huo ndio uamuzi unaofanyika kila wiki, bila kikao. Akiombwa, mtoto wa mwenye duka atajifunza na mtoto wa mvuvi wa Kibirizi atatazama. Asipoombwa, wote watatazama. Kosa la mzazi ni kudhani dawa ni kufuta orodha. Futa orodha bila kuweka fedha mahali pake, na utakuwa umeifuta amali huku ukibakiza jina lake getini.

Hoja ya wabana matumizi ni nzito zaidi, na wengi wanaoitetea amali wanaikimbia. Wanasema: mwanafunzi mmoja wa fani ya ufundi anagharimu mara kadhaa ya mwenzake wa jumla, na kwa fedha hiyohiyo ungeweza kuajiri walimu wa Hisabati ambao kila shule ya kata inawalilia. Ni kweli kwamba anagharimu zaidi. Hata VETA, ambako mzazi wa kutwa amekuwa akilipa ada ya shilingi 60,000 kwa mwaka na wa bweni 120,000, ada hiyo haijawahi kuwa gharama halisi ya mafunzo, tofauti inabebwa na umma. Lakini wabana matumizi wanalinganisha gharama za kuingia na kusahau za kutoka. Kwa miaka mingi sasa, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne wamekuwa wakiishia daraja la nne au sifuri. Serikali imeshawalipia vijana hao madarasa, walimu na vitabu kwa miaka minne, na wanarudi nyumbani Kasulu na Buhigwe wakiwa hawana cheti kinachowapeleka mbele wala mkono unaojua kazi. Wengine wanaanza upya, wakalipa ada ya chuo cha ufundi ili wafundishwe walichopaswa kufundishwa. Huyo kijana wa jumla anayeitwa wa bei nafuu amelipiwa mara mbili. Nakubaliana nao kwa jambo moja tu, nalo ni kubwa: kama kila shule ya kata itabandikwa jina la amali ili takwimu zipendeze, basi bora tusingeanza. Afadhali shule mbili kwa kila halmashauri, zenye vifaa mwaka mzima, kuliko kumi na mbili zenye mashine zilizofunikwa turubai.

Na fedha ipo, sehemu yake. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile wanayoiita SDL, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023. Tozo hiyo ilizaliwa kwa ajili ya ufundi, lakini kwa utaratibu uliozoeleka theluthi moja ndiyo inayokwenda kwenye ufundi stadi, na sehemu kubwa inaishia kugharimia mambo mengine, mikopo ya vyuo vikuu ikiwamo. Kila mwaka waajiri wanalalamika kwamba iko juu. Sijawasikia wengi wakiuliza kwa nini isinunue vijiti vya kuchomelea katika sekondari, ilhali wao ndio watakaoajiri mikono hiyo.

Hoja nyepesi kuliko zote ni ile ya kijiweni: ufundi haufundishwi darasani, mpeleke mtoto gereji atajua bure. Inapendwa kwa sababu ina mfano wa kila mtaa, maana kila mtu anamjua fundi hodari ambaye hajui hata mlango wa VETA. Lakini gereji si bure. Kijana anaanza kama saidia fundi, anaosha vipuri, anatumwa chai, anakaa mwaka wa kwanza bila kuruhusiwa kufungua injini, na nyumbani ndiko anakolishwa muda wote huo. Msichana akienda, maswali anayoulizwa hayahusu spana. Akihitimu, ujuzi wake unajulikana na tajiri wake na wateja watano, mpaka apate bahati ya kurasimishiwa ujuzi na VETA ndipo awe na karatasi ya kuonyesha. Gereji inamtoza mtoto kwa muda wake na jasho lake, na anayelipa ni familia ileile iliyoshindwa kununua ovaroli. Mdogo wa hoja hiyo ni ule msemo kwamba amali ni ya walioshindwa masomo. Nao unajifuta wenyewe: mtoto anayekalia mitihani ya NECTA na juu yake akapimwa fani ana mzigo mkubwa kuliko mwenzake, haujapungua.

Haya si mageni kwetu, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, sekondari zetu zilipewa michepuo katika miaka ya 1970: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Wazo lilikuwa zuri na karakana zilijengwa. Hali ya uchumi ilipochacha miaka ya 1980, majengo hayakuanguka. Kilichokosekana ni mbao na vipuri. Karakana nyingi zikawa stoo za viti vibovu, na mchepuo wa ufundi ukabaki jina kwenye cheti. Hata wakati wa neema, magharibi hatukuguswa sana: ukizitaja shule kongwe za ufundi zinazojulikana nchini, Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga, Bwiru, hakuna hata moja ya Kigoma wala Tabora. Tabora ilipata shule ya kutoa viongozi, ambako Nyerere mwenyewe alisoma, na baadaye Chuo cha Reli na Chuo cha Nyuki. Kigoma enzi za mkoloni ilikuwa ghala la manamba, wazee wetu wakipandishwa treni kwenda kukata mkonge Tanga. Treni nyingine inakuja sasa. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na ule wa Uvinza hadi Musongati, Burundi, Januari 2025. Kijana wa Uvinza asiyejua kusuka nondo wala kufunga nyaya atapata kazi kwenye reli hiyo, ndiyo, kazi ya kubeba.

Nini kifanyike? Mengine ni ya Dodoma: ruzuku ihesabu fani na umbali badala ya vichwa peke yake, na kipande cha SDL kifike kwenye karakana za sekondari. Walimu wa fani ni mkasa mwingine unaojitegemea, siuingii leo. Lakini kuna moja ambalo halmashauri zinaweza kulifanya bila kusubiri sheria. Madarasa yetu yanajengwa kwa fosi akaunti. Fedha inaingia shuleni, kamati inanunua vifaa, mafundi wa mtaani wanapewa kazi. Katika fedha hiyo kuna milango, grili za madirisha, meza na viti. Kwa hiyo katika uwanja mmoja unakuta lori linashusha madawati yaliyotengenezwa mjini, na hatua chache kutoka hapo karakana ya amali haina kipande cha chuma. Chuma kilishanunuliwa. Kilipita tu mbele ya mlango. Mkataba wa madawati ukiitaka kamati ipeleke sehemu ya kazi kwenye karakana ya shule ya amali iliyo karibu, chini ya fundi mkuu anayelipwa na ambaye ndiye mwenye dhamana ya ubora, malighafi ya mafunzo itakuwa imelipiwa na bajeti ambayo ipo tayari.

Najua nitakachojibiwa, na wanaonijibu wana kumbukumbu nzuri. Mashamba ya shule ya enzi zile yalianza kama elimu na yakaishia kuwa vibarua vya walimu, mtoto analima na gunia linajulikana lilikokwenda. Madawati nayo yanaweza kwenda njia hiyo. Ndiyo maana idadi ya saa za mtoto karakanani iwe ile iliyo kwenye ratiba ya fani na isizidi, malipo ya kazi yaingie kwenye akaunti ya shule na yaonekane kwenye mbao za matangazo, na dawati lililopinda lihesabiwe kuwa gharama ya kufundishia. Ubora utashuka mwanzoni, tena sana. Mafundi wa mjini nao watanuna, na wana haki ya kusikilizwa, kwa sababu wengi wao ndio wanaofaa kuwa hao mafundi wakuu.

Madiwani wa Kigoma na Tabora wataketi kwenye vikao vya bajeti mara chache tu kabla ya Januari 2028, mwezi ambao makundi mawili ya watoto yatahitaji kiti kwa pamoja. Itabidi madawati mengi mno yatengenezwe, na kasma yake itapitishwa tu, maana hakuna diwani atakayekubali watoto wa kata yake wakae chini. Swali la kuwauliza sasa, wakiwa bado wanapokea simu, ni nani atakayechomelea miguu ya viti hivyo, na vijiti vyake vitaandikwa kwenye kifungu gani.